Niliongea na Ng'ombe, Akasikia Mkamwana

Aliyekosa gazeti la juma lililopita asihangaike kuazima. Namweleza hapa hapa.

Mimi ni Abrahamu, mkulima wa kahawa na ndizi huku Rungwe. Shule niliacha darasa la pili. Nilimzika mke wangu Alinanuswe na mtoto akiwa bado tumboni, kwa sababu wakubwa walisema mwanamke wa ukoo wetu hapasuliwi. Wakasema tungoje. Nilitii, tukangoja. Siku ya tatu nikachimba kaburi.

Miaka mitatu baada ya hapo, mwaka 1954, mwanangu wa pekee Asukile alioa Mhehe wa Igowole, jina lake Severina, kisha akaenda migodini Joni, kwenye dhahabu ya kusini. Mimba ya kwanza Severina aliipeleka kwao, ndiyo desturi. Kule Iringa mtoto akakaa vibaya. Wakambeba mama mpaka hospitali ya misheni, daktari akampasua. Mama mzima, mtoto mzima. Wa kiume. Tukamwita Lutengano.

Juma lililopita nilikomea njia panda, lori la Mbeya lilipomshusha Severina akiwa na mtoto wa wiki tatu. Kaka yangu Andendekisye, mkubwa wa ukoo na jumbe pia, ndiye aliyeamuru arudi upesi hivyo. Alimtazama tumboni akasema mbele ya watu:

"Huyu mbona kaja na mtoto, na mimba bado anayo?"

Watu walicheka. Naanzia kwenye kicheko hicho.

Mimi nilikisikia tu. Nilikuwa nyuma ya migomba, nimegeuza uso.

Wasomaji wa pwani mtashangaa. Kwetu baba mkwe na mkamwana hawaonani. Hawasemeshani, hawatajani majina, hawapiti njia moja. Wakikutana ghafla, mkamwana huacha njia, huchutama majanini na kufunika uso mpaka mkwe apite. Mwenye mke hapati taabu, maana mke ndiye hupeleka maneno na kurudisha majibu. Mke wangu mimi yuko chini ya udongo, na waliompeleka huko nimekwisha kuwataja.

Basi fikirini kiwanja chetu. Nyumba mbili za mianzi, zizi katikati. Nyumba hii mkwe asiye na mke. Nyumba ile mwanamke mwenye mshono tumboni, mume yuko Joni.

Kaka akamtuma dada yetu Marta aje kumhudumia. Marta anakaa kwa kaka ng'ambo ya mto. Anakula kwake, kwa hiyo anaamini kwake.

Alikuja na wanawake wawili, maji ya moto na kitambaa kirefu. Kwetu mzazi hukandwa, kisha hufungwa tumbo lirudi mahali pake. Sisemi ni ubaya. Mama yetu alifungwa hivyo mara saba, na mpaka anakufa alikuwa amenyooka kama mwanzi. Lakini mama yetu hakupitiwa na kisu.

Nilisikia yote kupitia ukuta.

"Shangazi, polepole. Hapo pana mshono."

"Mshono ni wa nguo. Vuta pumzi."

"Nesi alisema nisifungwe mpaka kidonda kikauke."

"Nesi wako amezaa wangapi?"

Wanawake wakacheka. Kitambaa kikavutwa. Severina akatoa sauti kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, kisha akanyamaza.

Siku ya nne mtoto alilia asubuhi nzima na mama yake hakumbembeleza hata mara moja. Nilisimama nje ya nyumba ile, mkono umeshika nguzo. Hatua mbili tu mlangoni. Sikuingia. Nilisimama vile vile miaka minne nyuma, nguzo hiyo hiyo, Alinanuswe akiwa ndani.

Nikaachia nguzo, nikakimbilia dispensari. Mzee kama mimi, nilikimbia.

Eliezeri, dresa wa dispensari, alikuja na baiskeli yake, jasho linamtoka masikioni. Aliingia, akafungua kitambaa, akaosha, akapiga sindano. Alipotoka aliniuliza kwa hasira:

"Mzee Abrahamu, nani kamfunga?"

"Wakubwa."

"Waambie wakubwa kidonda kimefunguka upana wa kidole. Mngemwacha siku mbili zaidi, kitambaa cha kufuata kingekuwa sanda."

Alikuja siku kumi mfululizo. Kidonda kikaanza kuziba. Siku ya kumi na moja alimkuta kaka amekaa kwenye kigoda katikati ya kiwanja changu, fimbo ya ujumbe mapajani.

"Ugonile, Dresa," kaka alimsalimu kwa Kinyakyusa. "Unakwenda wapi?"

"Kumtazama mgonjwa."

"Mume wake yuko Joni. Wewe ni mwanamume. Unaingia, mlango unafungwa, unatoka unanawa mikono. Watu wanauliza."

"Wanauliza nini?"

"Wanaponiuliza mimi, siwajibu. Lakini kesho ukija, nitawajibu."

Eliezeri alinitazama. Mimi nikatazama fimbo. Akapanda baiskeli akaondoka.

Ndivyo walivyo wenye fimbo. Hawakupigi. Wanakuonyesha tu watu watakavyosema.

Wiki ile ile nilimkuta Eliezeri penye mizani ya kahawa. Akanivuta nyuma ya magunia.

"Kidonda kimefunga?"

"Jana nimesikia akimwimbia mtoto."

"Basi kimefunga. Sasa lipo tumbo. Nyama za ndani zimeachana, zimelegea kama kamba ya kitanda cha zamani. Akiliacha vile, mgongo utamuuma, maji hatabeba, jembe hatashika. Lazima alikaze mwenyewe, pole pole, kila siku. Pale Iringa wangemfundisha, lakini ninyi mlimwita kabla hajajua hata kukaa."

"Mfundishe."

"Nimekatazwa. Nitakufundisha wewe."

Na mtu yule, dresa wa Serikali, kaptura yake imepigwa pasi, akalala chali juu ya magunia matupu mbele yangu. Akakunja magoti.

"Tazama. Unavuta pumzi, tumbo linapanda. Unatoa pumzi pole pole, kitovu unakivuta ndani kama unataka kiguse mgongo. Hesabu mpaka tano. Achia. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Ya pili, unakandamiza kiuno kwenye mkeka mpaka hata jani lisipite. Ya tatu, unatelezesha kisigino mbele, unakirudisha, mguu mmoja mmoja. Na asiamke kwa kuinua kifua. Ageuke ubavu kwanza, ajisukume kwa mkono."

Mpima kahawa alichungulia. "Dresa, umeanguka?"

"Namfundisha mzee kuzaa," Eliezeri akajibu, bila kuamka.

Nilirudi nyumbani nikirudia maneno yale njia nzima. Nilipofika nikakumbuka. Nitamwambiaje? Siruhusiwi kumsemesha. Marta nikimpa maneno atayapeleka ng'ambo ya mto kwanza.

Nilikuwa na dume moja lenye pembe moja. Nyingine ilivunjika akiwa ndama. Zizi lake limepakana na ukuta wa Severina.

Asubuhi nilikwenda zizini, nikasimama mbele yake, nikasafisha koo.

"Sikiliza, ng'ombe," nikasema kwa sauti ya kanisani. "Kuna dresa amesema ukitaka tumbo lako lirudi, ulale chali, ukunje magoti."

Ng'ombe akanitazama.

"Vuta pumzi tumbo lipande. Toa pumzi, kitovu kiende mgongoni. Nitahesabu mimi. Moja. Mbili."

Nikaona nimekwisha, mkamwana ataandika Joni kwamba baba yake Asukile kaingiwa na wazimu. Nikaendelea kuhesabu. Nilipofika tano, nikasikia mkeka unakwaruza. Na pumzi. Pumzi ya mtu anayetoa hewa pole pole kwa meno yaliyofungwa.

"Moja," nikaanza tena.

Ndivyo tulivyofanya. Asubuhi mara kumi, jioni mara kumi. Siku ya tatu nikasikia sauti yake, si kwangu, kwa mtoto:

"Lutengano, mwanangu, mwambie huyo ng'ombe kamwene. Mwambie leo upande wa kushoto unavuta."

Kamwene ndiyo salamu ya kwao. Nikamwambia ng'ombe:

"Upande wa kushoto ukivuta, usilazimishe. Rudi kwenye pumzi."

"Mwanangu, mwambie ng'ombe amesikiwa."

Jirani yangu Joachim alipita na jembe begani, akasimama, akasikiliza mpaka hesabu ikaisha.

"Baba Asukile, ng'ombe anaumwa?"

"Amezaa. Namrudisha tumbo."

Joachim akainama, akatazama chini ya ng'ombe.

"Huyu si dume?"

"Ndiyo maana inachukua muda mrefu."

Nilisikia nyuma ya ukuta mtu anavunjika mbavu kwa kucheka, kisha, "Aii, Lutengano, mwambie ng'ombe asinichekeshe, bado inauma."

Ndugu, toka nimzike Alinanuswe sikuwa nimesikia mwanamke akicheka kwa furaha katika kiwanja changu. Nilikwenda nyuma ya migomba nikakaa huko kidogo.

Mtoto alipofika wiki nane Eliezeri akanipa mazoezi ya kubeba. Kibuyu kwanza. Kisha sufuria. Kisha robo debe. "Avute kitovu kabla ya kuinua, apinde magoti, mzigo auweke karibu na mwili." Yote nilimwambia ng'ombe. Kufikia mtoto ana miezi mitatu, Severina alikuwa anapanda na robo debe toka mtoni, na Joachim aliniambia mwenyewe:

"Mkamwana wako anatembea kama mwali."

Lakini jicho la Joachim si jicho la kaka.

Kaka alikuja Jumapili baada ya ibada. Alikunywa maziwa yangu, akajifuta, akasema kwa sauti ya juu ili ukuta usikie:

"Abrahamu, nimemtafutia Asukile mke."

"Anaye."

"Anaye gunia lililoshonwa. Lilitatuka mara moja, litatatuka tena. Mwanamke wa kukatwa hazai mara ya pili. Arudi kwao Igowole."

"Na mtoto?"

"Mtoto ni wa ukoo. Marta atamlea."

"Mtoto ananyonya, kaka."

"Maziwa ya ng'ombe yapo. Si nasikia ng'ombe wako kazaa?"

Alikuwa anajua. Kila mtu alikuwa anajua. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Mimi si mtu mbaya," akasema. Wenye madaraka wote husema hivyo kabla ya ubaya wenyewe. "Nitampa nafasi. Mtoto akitimiza miezi mitano, Jumamosi, mbele ya wazee na wake zao. Abebe debe zima toka mtoni mpaka mlangoni. Asitue njiani, asimwage. Akifika, ni mwanamke mzima, abaki na mtoto wake, nami sitasema tena. Akitua, anaondoka Jumatatu na lori. Peke yake."

"Hata mwanamke asiyepasuliwa hutua pale kwenye kona ya mlima."

"Basi asibebe."

Nilipotaka kujibu, ikasikika sauti nyuma ya ukuta, pole pole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale:

"Lutengano, mwanangu, mwambie ng'ombe nitabeba."

Kaka akaweka kibuyu cha maziwa chini. Hakupenda sauti ile. Mimi niliipenda.

Nilikwenda kwa Eliezeri. Akatikisa kichwa.

"Nusu debe ningesema ndiyo. Debe zima, katika mlima ule, miezi mitano, kidonda kilichofunguka mara moja? Mzee, sijui."

"Usipojua wewe nani anajua?"

"Yeye. Tumbo ni lake. Mwambie likivuta kama uzi, sawa. Likichoma kama kisu, atue, hata kama jumbe anatazama."

Nilimwambia ng'ombe. Jibu likaja:

"Mwanangu, mwambie ng'ombe nikitua hunioni tena."

Alifanya mazoezi siku hizo mpaka mkeka ukatoboka kiunoni. Nilisikia. Nusu debe, akapanda. Robo tatu, akapanda, akatua mara moja kwenye kona. Akarudi mtoni, akajaza upya, akapanda tena. Hakutua.

Jamaa wengine huuliza kwa nini sikumwandikia mwanangu. Nilimwandikia. Barua ya Joni inakwenda miezi miwili, na inayorudi inapita kwa jumbe kwanza. Tuliyoijua ni ile kaka aliyotaka tuijue.

Sasa nakuja kwenye kuungama kwangu. Mhariri akitaka kufuta mahali, afute kwingine.

Asubuhi ya Jumamosi ile ilikuwa mwezi wa sita, baridi, ukungu umelala mtoni. Severina angemwacha mtoto na nani? Alitaka ambebe mama yake Joachim, jirani yetu. Nikasikia akimwambia mtoto hivyo.

Marta akaja mapema, amejifunika shuka, macho mekundu. Akaniambia, "Kaka Abrahamu, nilimfunga vibaya yule msichana. Sikujua. Leo nimshikie mtoto walau niwe nimefanya jema moja."

Alilia. Ni dada yangu, nilimbeba mgongoni akiwa mdogo. Nikaenda zizini.

"Ng'ombe," nikasema, "mwachie shangazi mtoto. Amejuta."

Kisha Severina, kwa sauti ndogo:

"Mwanangu, mwambie ng'ombe, yeye akisema hivyo, sawa."

Hayo ni maneno yangu. Hakuyasema kaka, haikuyasema Serikali. Mimi.

Nilikuwa nimepanga kukaa ndani mpaka mambo yaishe, ili nisimkute njiani. Saa mbili kaka akaja mlangoni.

"Twende, ndugu yangu. Wazee wanakungoja."

"Mimi sitakiwi kumwona. Unajua."

"Wewe ni shahidi. Mwenye nyumba asipokuwapo, nani atathibitisha? Kigoda chako kiko kwenye kona."

Nilisimama pale pale. Ile kona ndipo njia inapobana. Mkono wa kulia ni mwamba, mkono wa kushoto mteremko wa matope. Mtu mwenye debe akipita pale hugusana na aliyekaa.

Nikaelewa.

Angenikuta mimi, mkwe wake, nimekaa njiani. Desturi ingemtaka aache njia, achutame matopeni, afunike uso. Na debe zima kichwani. Akichutama, maji yanamwagika na tumbo linachanika. Asipochutama, kamtukana mkwe mbele ya ukoo mzima, na hiyo peke yake inatosha kumfukuza.

"Kaka," nikasema, "huu ni mtego."

"Hii ni desturi. Mimi sikuitunga."

"Nisipokwenda?"

"Nitasema umekiri kwamba hawezi."

Nikachukua fimbo yangu, nikamfuata. Mnaonicheka mnicheke. Nilitii mara ya pili.

Watu walikuwa thelathini hivi, wazee na wake zao, wamepangwa kandokando ya mwamba, wote wanatazama njia inayotoka mtoni. Kaka mwenyewe aliwapanga, huyu hapa, yule pale, kama watu wa kupigwa picha. Wote walilipa mgongo daraja la mianzi la kwenda ng'ambo kwa kaka, lililo upande mwingine kule chini. Nililiona hilo, sikulifikiri.

Nikakaa kwenye kigoda. Nikatazama miguu yangu.

Tukasikia nyayo. Nyayo za mtu mwenye mzigo zina sauti yake, kisigino kinaingia ardhini. Nikasikia pumzi pia. Pumzi ile naijua kuliko mtu yeyote pale. Kuvuta, kisha kutoa pole pole kwa meno. Nilijikuta midomo inanicheza. Moja. Mbili. Tatu.

"Hajatua," mwanamke mmoja akanong'ona.

"Ngoja kona," mwingine akajibu.

Nyayo zikakaribia, zikasimama. Aliniona.

Nilisikia debe linalia kidogo, maji yakigonga bati. Mtu akisimama na debe, ndipo uzito unapokuja.

"Mkamwana," kaka akasema kwa upole, "mkwe wako yuko njiani. Kwenu Iringa hamkufundishwa adabu?"

Nikaona kwa pembe ya jicho goti lake linaanza kupinda. Pole pole, kama nilivyomfundisha mwenyewe. Alikuwa anakwenda kuchutama. Kwa ajili yangu, kwa heshima yangu, angejichana tumbo.

Nilitii nikamzika Alinanuswe. Nilitii nikakaa kwenye kigoda kile. Mtu mmoja anaweza kutii mara ngapi?

Nikasimama. Nikainua uso. Nikamtazama mkamwana wangu kwa mara ya kwanza. Msichana mwembamba, shingo imesimama, kanga imefungwa kiunoni, na tumbo chini ya kanga limebana kama ngoma.

"Severina," nikasema. "Usichutame. Pita."

Wanawake walifunika midomo. Mzee mmoja alitema mate chini. Nilikuwa nimemtaja jina.

"Abrahamu," kaka akasema, sauti imekauka, "umelaani nyumba yako."

"Nyumba yangu mliilaani ninyi, miaka minne iliyopita. Mimi nasafisha." Nikabana mgongo kwenye mwamba, nikampisha. "Pita, mwanangu. Zimebaki hatua mia mbili. Kitovu mgongoni."

Goti lake likanyooka. Debe halikutikisika. Akapiga hatua moja, ya pili, akafika sawasawa na mimi, akanigusa bega.

Kisha akasimama.

Nikadhani tumbo limechoma. Nikamtazama usoni. Hakuwa ananitazama mimi wala kaka wala njia ya juu. Kwa urefu wake na pale aliposimama, aliona juu ya vichwa vya watu wote, mpaka chini kule ukungu ulikokuwa unafunguka, penye daraja la mianzi.

Hakuwa amepata kusema nami neno toka aolewe. Kwa miezi mitatu na zaidi alisema na mtoto, mtoto aseme na ng'ombe, ng'ombe aseme nami. Sasa akafungua mdomo, debe kichwani, akasema moja kwa moja:

"Baba. Shangazi anavuka mto. Mtoto yuko mgongoni mwake."

Nikageuka. Watu wote wakageuka. Shuka la Marta lilikuwa katikati ya daraja, linakwenda haraka kuelekea ng'ambo, na kulikuwa na mtu wa pili mbele yake aliyebeba mzigo wa nguo za mtoto.

Nikamtazama kaka. Hakugeuka. Yeye peke yake hakuhitaji kugeuka.

"Amekwisha kushindwa toka aliposimama," akasema. "Kusimama ni kama kutua. Mtoto amekwenda kwao, kwa ukoo."

"Ulisema akifika mlangoni."

"Mlango ni huko juu. Apande, basi, afike. Nani kamzuia?"

Mlango juu, mtoto chini. Hivyo ndivyo alivyoupanga mtego wenyewe. Kigoda kilikuwa cha kutushughulisha tu, na mimi nilimsaidia kwa ulimi wangu asubuhi ile zizini.

Akaweka fimbo yake ya ujumbe mbele ya kifua changu, inaziba njia ya mtoni. Sikuwa nimepata kuigusa fimbo ile maishani. Niliishika, nikaisogeza kando kama mtu anavyosogeza tawi, nikateremka.

Sikutazama nyuma. Lakini nilisikia.

Nilisikia debe linatua chini. Halikudondoka. Lilitua pole pole, magoti yamepindwa, mzigo karibu na mwili, na halikumwagika hata tone, maana bati lililojaa likiwekwa vizuri halilii.

Kisha nikasikia miguu mitupu kwenye matope, inakimbia, inanifuata katika njia moja na mkwe wake.